Alama Mbili kwa Bwana Tope

Machi 8, Jumamosi

Mvua iliingia Kitengela jana jioni, na leo udongo mweusi umeanza kazi yake ya kula viatu vya watu. Nimemwona jirani akirudi kutoka dukani, mguu mmoja na sandali, mwingine tope hadi gotini. Alinisalimia kwa heshima zote za mtu mwenye viatu viwili. Nilianza kucheka kabla sijamaliza kumjibu.

Msimu huu nitauandika, kwa sababu mwisho wake ninaolewa. Baba amekubali: Mei 24 wazee wa kina Mugo watakuja nyumbani Kajiado na mahari, ile siku sisi tunaiita ruracio. Nina miaka thelathini na minne. Mama amekuwa akiliombea jambo hili kwa sauti, mbele ya wageni, kwa jina langu kamili: Wahu wa Gakuru.

Mugo anauza dawa za mifugo. Ana duka hapa mjini, na siku za mnada yuko Kajiado sokoni, akifungua ng'ombe midomo na kusalimiana na Wamaasai kwa Kimaa chake kibovu. Ni mpole mno. Ukimkanyaga, yeye ndiye anaomba msamaha. Nampenda, na pia ananichosha kidogo, na yote mawili ni kweli.

Kuna jambo moja hajui. Mchana mimi ni msahihishaji wa vitabu vya shule kwa mchapishaji mmoja Nairobi. Jioni mimi ni Chekecheo. Huo ni ukurasa wangu wa mtandaoni, ambapo nachukua katuni za wachoraji wanaojichapishia wenyewe, hawa wa kujifunza, na kuwapa alama: maandishi kwa kumi, michoro kwa kumi. Jina langu halipo popote. Wafuasi wangu ni wengi kuliko waumini wa kanisa letu, na wanachokuja kutazama ni mtu akichunwa ngozi. Mimi huchuna vizuri, sipotezi hata kipande.

Machi 10

Nimepata nyama mpya. Katuni inaitwa Bwana Tope na mwenyewe hajitaji. Ni vichekesho vya jamaa mfupi wa Kitengela anayeanguka matopeni kila wiki, na mpenzi wake, Bi Msafi, anayemngoja barabarani akiwa amevaa nguo nyeupe. Hakuna zaidi. Wiki iliyopita alianguka na keki. Wiki hii ameanguka na trei ya mayai.

Nimeandika: "Michoro: mbili. Watu wote wanatazama kushoto, maana mchoraji hajaambiwa kwamba uso una upande wa pili. Mikono yote imefichwa mifukoni, hata ya askari anayeongoza magari. Ng'ombe peke yake ndiye aliyechorwa na mtu mwenye macho: kwato ziko sawa, chuchu nne, mbavu mahali pake. Ushauri wangu ni kwamba ng'ombe aachiwe aandike pia. Maandishi: tatu. Kichekesho kinaisha kwenye picha ya tatu. Kwenye picha ya nne mhusika anatueleza kwa nini kilikuwa kichekesho, na kwenye ya tano wahusika wanacheka kwa niaba yetu."

Kabla chai haijapoa watu walikuwa wamejaa chini yake wakishikilia mbavu.

Machi 13

Mvua. Stima zimepotea. Mugo amekuja na mishumaa na hakukaa.

Machi 19

Kazini meza yangu inatazamana na ya Jentrix, Mluhya wa Kakamega mwenye kicheko cha kufungua madirisha. Hajui mimi ni Chekecheo. Leo alisoma maneno yangu kwa sauti, ofisi nzima ikasikia ile ya ng'ombe, hata meneja akatoka kusikiliza. Nilikaa nikisahihisha jedwali la vitenzi, masikio yakiwa moto kwa raha.

Halafu akaharibu. "Lakini mimi hiyo katuni huwa naipenda," akasema. "Huyo jamaa hajui kuchora, sawa, lakini si unaona vile anapenda huyo dem? Kila siku akianguka, yule hacheki. Anampea mkono."

"Mkono gani? Yote iko kwa mfuko."

"Wa huyo dem hauko kwa mfuko. Angalia vizuri."

Nilipofika nyumbani niliangalia. Ni kweli. Mkono wa Bi Msafi ndio pekee ulio nje, na umechorwa kama uma wa kulia chakula.

Machi 24

Leo nimemshughulikia Bi Msafi mwenyewe. "Mchoraji anataka tuamini huyu ni mrembo. Kidevu chake kinafika kwenye kila picha kabla yake. Mvua ikinyesha, mabega yake hayalowi. Ukimkopesha jirani hicho kidevu, kitarudi kikiwa kimelima nusu ekari. Bwana Tope haanguki kwa ajili ya matope. Anaanguka akijaribu kumpita."

Sijawahi kupata vicheko vingi hivi. Mtu mmoja amekata kile kidevu na kukifanya stika ya WhatsApp. Kufikia jioni kimefika kwenye kikundi cha kazini, na hata kwenye kile cha kwaya. Mtu akiuliza jambo la kijinga, anajibiwa kwa kidevu.

Machi 30, Jumapili

Nilimtumia Mugo ile stika, nimwone akicheka. Ameisoma. Hakujibu.

Aprili 2

Asiyeishi huku hawezi kuelewa. Asubuhi unatoka nyumbani na gambuti, zile buti ndefu za mpira, viatu vya kazi vikiwa mfukoni. Ukifika kwenye lami unabadilisha katika kibanda cha Mama Kiilu, yule Mkamba wa mandazi, unamwachia gambuti zako, unaenda Nairobi ukiwa mtu wa heshima. Jioni unarudi, unavaa gambuti, unakuwa tena mtu wa Kitengela.

Leo jioni mvua ilipiga, kibanda kikajaa, nikanyakua gambuti mbili nyeusi nambari nane na kutumbukiza miguu bila kutazama. Nilifika nusu ya njia nikiamini nimepata kiharusi, maana mguu wa kulia ulikuwa unataka kupita njia ya wa kushoto. Mugo alikuwa amekuja kunilaki na mwavuli. Akamulika chini kwa simu. Zote mbili zilikuwa za kushoto. Alicheka hadi akakaa chini matopeni na suruali yake ya kazi, nami nikamnyooshea mkono, na nikacheka pia. Nilifurahi leo. Naandika hivyo bila kuongeza kitu.

Aprili 3

Mama Kiilu amemtambua mwenye ile jozi nyingine. Ni Pasta Wahome wa kanisa letu, mwanamume mfupi mwenye nyayo ndogo kama zangu, au niseme mimi mwanamke mrefu mwenye nyayo kubwa kama zake. Jana alienda na gambuti mbili za kulia hadi kwenye ibada ya nyumbani, akasimama na kuomba sala yote, miguu ikiwa imegeuka pamoja kuelekea mlangoni, na hakuna aliyeona kwa sababu wote walikuwa wamefumba macho. Mugo ndiye aliyempelekea yake na kurudisha yangu. Pasta akamshika mkono na kumwomba asimwambie mtu. "Nitahubiri aje njia nyembamba na miguu yangu inaenda kando?" Mugo akaahidi. Akanihadithia mimi tu, kwa sababu mimi ni wake, na hata hapo alikuwa akijisikia vibaya.

Aprili 9

Bwana Tope mpya ametoka. Bi Msafi anatoka kibandani. Mvua. Anatembea, anapinda, anapinda tena. Bwana Tope anamulika. Gambuti mbili za kushoto.

Nilisimama katikati ya chumba na simu mkononi na maji yakichemka hadi sufuria ikakauka.

Kisha nikazirudia zote, tangu ya kwanza. Keki ni ile aliyoiangusha siku yangu ya kuzaliwa. Mayai ni yale niliyomtuma. Nguo nyeupe ni ile ya kitani, niliyovaa siku tuliyokutana kwenye harusi ya binamu yake. Ng'ombe, bila shaka, ni ng'ombe. Ni nani mwingine katika mji huu angejua ng'ombe kiasi hicho na asijue watu? Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi ninayelipwa kwa ajili ya macho sikuona.

Halafu nikaenda kwenye kioo. Nikageuka kushoto, maana yeye hujua upande huo tu. Ni changu. Ni kidevu cha nyanya yangu, kikapita kwa baba, kikanifikia mimi. Watu wote wa kwaya wanacho kwenye simu. Mimi mwenyewe nilimtumia Mugo uso wangu nikimwambia acheke.

Mkuki kwa nguruwe. Nilikaa kitandani nikaona uchungu wa kweli, na uchungu ukageuka hasira, kwa sababu hasira ina kazi ya kufanya. Nani alimwambia anichore? Anaweka maisha yangu mbele ya watu bila kuniuliza, kisha anachora vibaya. Na kama ananipenda hivyo, kwa nini hakufuta hicho kidevu kidogo? Ningekuwa ninampenda mtu ningefuta.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumpigia simu nikasema, Mugo, Chekecheo ni mimi, na Bi Msafi ni mimi. Lakini wafuasi wameanza kuuliza Chekecheo yuko wapi leo. Na ile katuni bado ni mbaya. Mapenzi hayanyooshi mstari.

Aprili 11

Nimeandika. "Michoro: mbili, na moja ni ya mvua. Maandishi: moja. Huyu mtu amepewa hadithi nzuri mkononi na akaiangusha, kama mayai yake. Gambuti mbili za kushoto, sawa. Lakini mtu yeyote mwenye akili atauliza: basi za kulia anazo nani? Hapo ndipo kicheko kilipo! Anazo pasta. Pasta amesimama kwenye ibada na gambuti mbili za kulia, anaomba kwa macho yaliyofungwa, miguu yote imegeukia mlangoni, na kesho atahubiri njia nyembamba. Kichekesho chote kilikuwa mguu wa pili, na mchoraji hakujua hata kuutafuta."

Ni maandishi yangu bora ya mwaka huu. Niliyasoma mara kadhaa kwa sauti nikiosha vyombo.

Aprili 13, Jumapili ya Matawi

Ibada ya leo ilikuwa mbaya. Mtu fulani alitambua kibanda cha kwenye katuni, mwingine akamtambua pasta, na vijana wakaketi safu ya nyuma wakiwa wamegeuza miguu yote upande mmoja. Pasta Wahome alihubiri akitazama Biblia tu. Baada ya ibada alimpita Mama Kiilu mlangoni bila kumsalimia, na mwanamke wa watu akabaki na mkono hewani. Pasta ameshachukua gambuti zake kibandani, sasa anaziweka kwa fundi wa pikipiki.

Mugo alikuwa ameketi upande wa wanaume. Alinitazama muda mrefu. Nikamwonyesha kwa midomo: Mama Kiilu, ana mdomo. Akageuza uso.

Aprili 20, Pasaka

Mugo alikuja kwangu na nyama. Alikula kidogo. Wiki nzima hajachora. Baada ya chakula akasema, akitazama sahani:

"Wahu, wewe husoma hizi katuni za mtandao?"

"Mimi niko na wakati ya takataka?"

"Kuna page inaitwa Chekecheo. Umeisikia?"

"Sijaisikia."

"Hujaisikia."

"Mugo, si nimekwambia."

Akasukuma sahani kando. Kisha akasema ana rafiki anayechora, na kwamba wamemwandika vibaya sana, na kwamba ya huyo rafiki si kitu, lakini kuna mtu mwingine ameumizwa ambaye hakuwa ameandika wala kuchora chochote. "Angekuwa rafiki yako," akauliza, "ungemwambia nini?"

Maskini, anatafuta bega la kulilia. Nilimhurumia, na ndani ya huruma kulikuwa na kitu kitamu ambacho sitaki kukipa jina.

"Ningemwambia aache," nikasema. "Kila mtu akae kwa kazi yenye anaijua. Watu hawakosei wakisema kitu ni mbaya kama ni mbaya."

"Sawa," akasema. Akaosha vyombo vyote, na sufuria nyeusi ambayo haikuwa ya leo, akakausha mikono na kwenda kabla ya chai.

Aprili 22

Mvua. Barabara ya kwetu imekatika.

Aprili 29

Mvua. Mama amepiga simu kuuliza kama nimepunguza uzito. Sijapunguza.

Mei 3, Jumamosi

Bwana Tope ameisha. Picha ya mwisho ni moja tu. Anaosha gambuti zake kwa jagi, peke yake. Bi Msafi hayupo. Chini kumeandikwa: "Asanteni kwa kucheka. Nimechoka kuanguka."

Mikono imetoka mifukoni. Imechorwa vizuri, vidole vyote vipo, na kidole gumba cha kushoto kina lile kovu alilopewa na ndama. Alijifunza lini?

Nilikaa nayo asubuhi yote. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema, na mimi nikasema hili: "Maandishi: saba. Hatimaye ameandika sentensi moja nzuri, na ni ya kuaga. Wenzake wamwige."

Wafuasi wamefanya matanga. Wanachanga mashada ya maua ya kuchorwa, wanaimba kwa herufi kubwa. Kile kidevu kimewekewa kitambaa cheusi. Nilizima simu. Nilihuzunika, na nikajiambia ni njaa.

Mei 6

Jentrix alikuja kazini amevimba. "Huyo Chekecheo ameua hiyo katuni yangu. Kwani alikosewa nini?"

"Pengine alikuwa anasema ukweli."

"Ukweli si lazima umtemee mtu kwa uso, Wahu. Mtu kama huyo hakuna mwenye anamngoja kwa nyumba. Haiwezekani. Huyo hula peke yake akiwa amesimama."

Nikamwambia nina jedwali la kumaliza. Akaniuliza kama ni kweli bwana wangu mtarajiwa anauza dawa za kupe, maana kuku wa mama yake wanakufa. Nikamwambia atamwuliza mwenyewe siku ya ruracio, nimemwalika.

Mei 14

Mugo yuko Namanga, kisha Mashuuru, kisha mnadani. Ujumbe wake ni wa neno moja: Sawa. Niko. Kesho. Nilimuuliza kama amekasirika akaandika: Mbuzi wamepatikana. Mama yangu anasema wanaume wote huwa hivyo mahari ikikaribia, hata baba alikaa mwezi bila kusema kitu, na alipokuja kusema aliomba maji.

Nimeamua nitamwambia. Lakini baada ya ruracio, siyo kabla. Mzee akishakula mbuzi kwa baba yako, hakuna mtu wa kurudi nyuma kwa sababu ya maneno ya mtandaoni. Atanuna siku mbili, ataomba msamaha yeye, kisha ataanza kuchora tena, na mimi nitamfundisha jinsi uso unavyogeuka kulia. Nimewaza yote hayo nikiwa kwenye foleni ya mkate, na nikatabasamu, na mwanamke wa mbele akasogea.

Mei 17

Jua. La kwanza mwezi huu. Nimeanika kila kitu.

Mei 23, Ijumaa

Kajiado, nyumbani. Hema limesimama. Baba ametembea kuzunguka mitungi ya maji kama afisa wa serikali. Shangazi, dada ya baba, ambaye sote tunamwita Tata, ndiye jemadari wa wanawake. Ametufundisha kesho itakavyokuwa. Mimi na wasichana wengine tutafunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni na kupangwa mstari. Mugo ataitwa anitafute. Asipokuwa na uhakika anaruhusiwa kusema hayuko, nasi tutarudishwa ndani na kupangwa upya. Akimshika asiye wake, anatozwa faini na kuchekwa hadi kifo.

"Na wewe usisimame wima hivyo," Tata akaniambia. "Kunja mgongo. Ukifunikwa, hicho kidevu kitainua leso kama hema. Atakujua akiwa bado kwa gate."

Wote wakacheka. Nilicheka pia.

Mei 25, Jumapili

Nitaandika kwa mpangilio. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Walifika jana kabla ya saa sita, wakiimba langoni, mbuzi wakiwa kwenye pikapu. Mugo alikuwa na koti la kijivu. Hakunitazama, na nilidhani ni desturi. Pasta Wahome alikuja nao, akaomba sala ya kufungua, fupi, na alipomaliza alinitazama mimi, kisha viatu vyake. Wazee waliingia ndani. Walikaa muda mrefu, na sauti ya baba ilisikika ikicheka, kwa hiyo tukajua mambo ni mazuri. Jentrix alikuja kunibusu jikoni, amevaa kitenge kipya. "Bwana yako ni mpole," akasema. "Nimemsalimia akashindwa kuongea."

Kisha Tata akatufunika. Chini ya leso kulikuwa na joto na harufu ya sabuni. Nilikuwa wa nne. Nilisikia ngemi, vile vigelegele vya wanawake, nikasikia Mugo akiletwa, nikaona koti lake kupitia kitambaa. Alipita wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila hata kupunguza mwendo. Akasimama mbele yangu. Sikuwa nimekunja mgongo. Nilitaka anijue.

Alikaa hapo kiasi kwamba wanawake walianza kunong'ona kwa furaha. Kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hayuko hapa."

Vicheko, ngemi, makofi. Tukarudishwa ndani tukikimbizana. Wasichana walinifinya wakisema anajifanya hajui, ana ujanja huyu. Nikawaamini. Tukapangwa upya, mimi nikiwa mwisho kabisa, karibu na ukuta wa hema.

Safari hii alikuja kwangu moja kwa moja. Aliinama, kama mtu anayetafuta macho kwenye kitambaa, na wanawake wakashangilia.

"Mugo," nikanong'ona. "Ni mimi."

"Najua ni wewe," akasema polepole, na sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, ile ya kuomba radhi. "Pasta aliniomba nisiseme. Sikusema. Ilijulikana na watu wanne tu, na Mama Kiilu hajui kusoma. Nilikuja kwako Pasaka nikakuuliza."

"Nilikuwa nikwambie. Baada ya leo nilikuwa nikwambie."

"Kuchora sijui, hiyo ni kweli. Hiyo haikuniuma sana."

"Mugo, tafadhali. Watu wako hapa."

"Hata kwa kanisa watu walikuwa."

Akanyooka. Nilitaka kumshika koti lakini mikono yangu ilikuwa ndani ya leso, na nilipoipatia njia alikuwa ameshageuka.

"Hayuko," akawaambia.

Wanawake walikuwa kwenye raha yao. Tata akajitokeza mbele na kucheza alivyocheza maisha yake yote, akapiga magoti na kuinuka, akasema bi harusi ametorokea mbali, yuko Mashuuru kwa mashangazi, na kwamba gari halitembei kwa mate, bwana harusi alete nauli wakamlete. Hivyo ndivyo hufanywa. Mugo akatoa alichokuwa nacho mfukoni, chote, akakiweka kwenye mikono ya Tata na kuifunga kwa mikono yake miwili.

"Mkimpata," akasema, "mumwambie nilikuja."

Tata akapiga ngemi ndefu, wengine wakaitikia. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto. Nilisikia mama yake akiuliza, "Mugo, unaenda wapi?" na lango likifunguliwa, na gari likiwaka na kushika barabara ya Namanga. Wanawake bado walikuwa wanaimba. Nilibaki nimesimama kando ya ukuta wa hema nikiwa nimefunikwa, kwa sababu wa kufunua leso ni bwana harusi, na hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuigusa.